Jiwe Lisilo na Lebo Halina Mwenyewe

Kila nikiweka picha ya jiwe hapa, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo ni pesa ngapi?" La pili: "Mnunuzi yuko wapi?" Sioni ubaya. Maisha ni magumu, na mtu wa Bokoli akisikia neno madini anafikiria karo, mabati na shamba. Lakini leo mnivumilie kidogo, kwa sababu kuna swali linalotangulia bei: hili jiwe limetoka wapi, na nani aliandika? Ukilifuata swali hilo miaka mia moja na zaidi nyuma, utakutana na historia yetu ya magharibi mwa Kenya, kutoka mapango ya Elgon, ukapita Chetambe, ukashuka mpaka Kerio.

Jiwe lenyewe linaitwa floraiti. Viwandani wanaliita fluospa, na kule Elgeyo-Marakwet neno hilo limekaa mpaka likawa jina la mahali. Mtu akikwambia ametoka Fluorspar, unajua ni Kimwarer. Kutoka kwetu Bokoli unapita Webuye, Turbo na Eldoret, unaenda Kaptagat mpaka Nyaru, halafu barabara inakutupa chini ya ukingo wa Elgeyo, kutoka baridi ya sweta mpaka joto la Bonde la Kerio. Safari ya siku moja tu, lakini wengi wetu hatujawahi kufika.

Floraiti ni kalsiamu na florini zilizoshikana. Fuwele zake kwa kawaida hukua kama michemraba, kona kali, utadhani kuna fundi aliyezikata kwa rula. Kuna za zambarau, kijani, njano, buluu, na zingine hazina rangi kabisa, unaona upande wa pili. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la kutiririka, manake wafua vyuma wa Ulaya walilitupa kwenye tanuri ili takataka za chuma ziyeyuke na kutiririka. Mwaka 1852 mwanasayansi George Gabriel Stokes alipotafuta jina la ule mwangaza wa ajabu ambao vitu vingine hutoa vikimulikwa na miale isiyoonekana kwa macho, alilichukua kutoka kwa jiwe hili. Unaweza kujaribu mwenyewe. Ile taa ya zambarau wenye maduka wanayokagulia noti bandia, zima stima, mulika jiwe. Si kila floraiti itajibu, lakini ile inayojibu inawaka buluu mpaka watoto wanapiga kelele.

Sasa historia.

Mwaka 1883 Mskoti kijana anayeitwa Joseph Thomson alipita huku. Alikuwa amesomea jiolojia Edinburgh. Kutoka Baringo alivuka Bonde la Kerio, akapanda ukingo wa Elgeyo, akakata Uasin Gishu mpaka kwa Wakabras, na baadaye akafika Mlima Elgon. Alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Aliangalia yale mapango makubwa akaamua kwamba lazima yalichimbwa na watu fulani wa kale walioendelea, wakitafuta vito ama madini. Wale aliowakuta ndani hakuwapa heshima hiyo. Leo tunajua kwamba kwenye pango kama Kitum, tembo wamekuwa wakiingia gizani usiku na kukwangua kuta kwa pembe wakitafuta chumvi. Wafugaji wa mlimani pia waliijua chumvi hiyo na kuwapa ng'ombe wao. Kwa hivyo wachimbaji wa kwanza wa mlima wetu ni tembo, na wa pili ni watu ambao Thomson aliwaona wakiwa wamekaa hapo hapo kwenye machimbo yao. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Maelezo yake yakawa kitabu mwaka 1885.

Miaka kumi baada ya Thomson kupita, 1893, akaja J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyefanya kazi British Museum. Alitembea mpaka Baringo, akasoma kuta za bonde kama mtu anayesoma gazeti, akarudi London na sampuli za mawe. Jina la Bonde la Ufa kama tunavyolijua lilienea kupitia kwake.

Wa tatu anatuhusu sisi Wabukusu moja kwa moja. C. W. Hobley alikuja Afrika Mashariki mwaka 1890 akiwa mwanajiolojia wa kampuni ya Imperial British East Africa. Mtu wa mawe kabisa. Miaka mitano baadaye, 1895, huyo huyo ndiye aliyeongoza vita dhidi ya babu zetu, kwanza ngome ya Lumboka, halafu ngome ya Chetambe, pale mlimani juu ya Webuye. Ukisimama Chetambe leo unaona handaki la ngome bado liko, limefunikwa na nyasi. Hobley huyo huyo tena, mwaka 1909, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wapenda viumbe na maumbile cha Afrika Mashariki, kile kilichoanzisha jumba la makumbusho la Nairobi mwaka 1910.

Angalieni huyo mtu: alikuja kutafuta mawe, akapigana na wenye nchi, halafu akasaidia kujenga nyumba ya kuhifadhi vitu vya nchi. Sisemi hivi ili tumtukane. Ninataka mwone kwamba kukusanya na kutawala vilikuwa vinatembea pamoja. Mtu anayeandika "jiwe namba fulani, lilipatikana mahali fulani, tarehe fulani" anajua kitu ambacho mwenye shamba hajaandika. Siku ya mabishano, karatasi inashinda mdomo.

Kitale tuna mfano mwingine, na huu mimi naupenda. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa upande wa Cherangani, alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya kila aina maisha yake yote. Mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wosia kwamba mkusanyiko uwe wa taifa la Kenya, na pesa za kujenga nyumba mpya. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1974, na ndiyo Kitale Museum tunayopelekwa tukiwa shule ya msingi, tukipanga mstari kuangalia nyoka. Kipepeo wa miaka tisini ana maana mpaka leo kwa sababu moja: chini yake kuna kikaratasi chenye mahali na tarehe. Kitoe kikaratasi hicho, unabaki na mdudu mkavu.

Sasa twende kwa uchungu wenyewe.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi ikichukuliwa, watu watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, kwa majirani zetu. Mwaka 1932 sheria hiyo ikabadilishwa haraka haraka, ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya uchimbaji bila kutoa ardhi nyingine. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba kwetu magharibi hatuna historia ya madini, mwambie tunayo, na sura yake ya kwanza ni hiyo.

Sura ya Kerio ilianza mwaka 1967, miaka minne tu baada ya uhuru, floraiti ilipogunduliwa kwenye bonde. Uchimbaji ukaanza mwaka 1971. Mwaka 1979 serikali ikachukua kampuni. Katikati ya miaka ya 1990 ikabinafsishwa. Katikati ya miaka ya 2000, kuna mwaka walitoa zaidi ya tani 100,000, na Kenya ikahesabiwa kati ya nchi zinazouza fluospa kwa wingi duniani. Mwaka 2009 mitambo ilisimama kwa muda soko la dunia lilipoanguka, ikarudi, halafu mwaka 2016 ikasimama kabisa. Mwaka 2018 mkataba wa ardhi ukaisha. Ukitaka kujua mji unaotegemea mtambo mmoja unakuwaje mtambo ukizima, si lazima uende mbali, sisi wa Bungoma tuliona Pan Paper ikifungwa Webuye mwaka 2009. Watu wa Kimwarer hawahitaji kuelezewa na mtu wa Webuye, na wa Webuye hahitaji kuelezewa na wa Kimwarer.

Na wale waliokuwa na ardhi? Familia zilihamishwa kupisha mgodi, takriban ekari 9,000. Wenyeji wamekuwa wakisema kwa miaka mingi, na magazeti yameandika mara nyingi, kwamba walilipwa shilingi 450 kwa ekari. Nimeandika hesabu hiyo kwa tarakimu ili usidhani ni makosa ya uchapaji. Malalamiko ya fidia yamezunguka ofisini kuliko faili lenyewe. Wengi waliohamishwa wamezeeka, wengine wametutoka, na mabishano bado ni yale yale: nani alikaa wapi, boma lilianzia wapi, liliishia wapi.

Sasa fikiria kilichotokea kwa mawe yenyewe. Mgodi hautafuti urembo. Jiwe lilipondwa, likasagwa, likaogeshwa kwenye matangi mpaka unga ubaki safi, ule wa kiwango cha asidi wenye zaidi ya asilimia 97 ya floraiti. Unga ukaenda Mombasa, ukapanda meli. Huko nje unakuwa asidi, gesi za friji, dawa ya kuyeyushia aluminiamu na chuma, plastiki za kupaka sufuria zisishike chakula. Hakuna ubaya dunia kupata friji. Lakini fuwele zilizochukua miaka isiyohesabika kukua, wakati maji moto ya Bonde la Ufa yalipopanda kupitia nyufa na kula marumaru ya kale kidogo kidogo, zilisagwa pamoja na zile mbovu. Zilizobaki ni zile ambazo mtu aliziweka mfukoni kwa sababu zilimpendeza macho.

Nina moja. Ni ya zambarau, kubwa kama ngumi ya mtoto, upande mmoja umevunjika. Niliipata kwa mzee mmoja wa kule chini aliyewahi kufanya kazi mgodini, na kwake ilikuwa inazuia mlango usijifunge kwa upepo. Nilimwuliza kama naweza kupiga picha. Akacheka, "Kijana wangu, piga, hiyo haitakukimbia." Mwishowe akaniambia niende nayo, kwa sababu wajukuu wake walikuwa wanaigonga na nyundo. Nikatoa kalamu kuandika lebo. Nikaanza na jina la mgodi. Akanizuia. Akasema, "Hapana, andika jina la pale kabla ya mgodi." Akanitajia jina la shamba la baba yake, herufi kwa herufi, akasubiri mpaka nimalize, akaomba aone. Jina hilo silitaji hapa, ni la familia yake. Lakini liko kwenye kikaratasi ndani ya sanduku langu, na tarehe, na nakala moja nilimwachia yeye.

Mimi si mwanajiolojia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hayo mengine ni maneno ya siku nyingine. Lakini kutunza fuwele hakuhitaji digrii. Kunahitaji subira na akili ya kawaida, kwa hivyo sikilizeni wale mlio na vipande nyumbani.

Moja, floraiti ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 mpaka 10, hili ndilo jiwe la namba 4. Kisu kinalikwaruza. Hata vumbi la kwetu linalikwaruza, kwa sababu ndani ya vumbi mna chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni 7. Usilifute likiwa kavu. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa mswaki laini, halafu liache likauke lenyewe kivulini.

Mbili, linapasuka kirahisi katika pande nne. Likianguka sakafuni, kona zinang'oka na kuacha uso laini kama kioo. Funga kila kipande peke yake kwa pamba ama kitambaa. Kuyaweka yote kwenye mfuko mmoja wa plastiki ukapanda nao bodaboda, huko ni kuyasaga.

Tatu, joto na jua. Usilitoe kwenye baridi ukalimwagia maji moto, litapasuka. Usilianike dirishani, kwa sababu rangi ya baadhi ya floraiti hufifia likikaa juani muda mrefu.

Nne, na hapa naomba msome mara mbili. Usisafishe floraiti kwa asidi ya betri. Najua kuna watu wanaosafisha mawe hivyo ili yang'ae yauzike. Asidi hiyo ni salfuriki, na salfuriki ikikutana na floraiti inazaa asidi nyingine, haidrofloriki, na hivyo ndivyo viwanda vinavyoitengeneza. Inapenya ngozi, inaenda mpaka mfupani, inafyonza kalsiamu ya mwili, na mtu anaweza kufa hata kama kidonda cha nje ni kidogo. Mvuke wake nao unaua mapafu. Asidi nyingine kali pia, ziache. Uchafu usiotoka kwa sabuni, ukwangue polepole kwa kijiti cha mbao, ama uuache. Jiwe chafu ni bora kuliko mtu mfu.

Tena florini haiko kwenye mgodi peke yake. Kwenye sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya visima yana floridi nyingi kutoka kwa miamba ya volkano. Ndiyo maana unakutana na mtu wa pande za Nakuru ama Baringo mwenye meno ya kahawia tangu utotoni, na watu wasiojua wanamcheka ati hapigi mswaki. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mifupa iliyochomwa ili kuyasafisha maji hayo. Kitu kile kile kinachompa mkusanyaji fuwele nzuri kinaharibu meno ya mtoto wa jirani. Ukikaa na jiwe uelewe pia hilo.

Tano ni lebo. Andika mambo manne: jiwe ni nini, limetoka wapi hasa, nani alilipata ama alikupa, na tarehe. Weka namba ndogo kwenye jiwe kwa rangi ya kucha, upande usioonekana, namba hiyo hiyo uiandike kwenye daftari. Usiandike "Kenya". Usiandike hata "Kerio" pekee. Andika kijiji, mto, shamba, jina wanalotumia wenyeji. Wauzaji wa nje wataandika nchi, inawatosha. Wewe unajua zaidi yao, kwa nini uandike kidogo kuliko wao? Na usiingie mashimo ya zamani bila ruhusa, yanabomoka, na kisheria madini ni mali ya umma. Kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Mtu atasema, sasa lebo itamrudishia nani ardhi? Haitamrudishia peke yake, ninakubali. Lakini angalia sheria ya sasa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ambako madini yanachimbwa. Asilimia 10 ya jamii. Jamii gani? Ya wapi hasa? Nani anathibitisha kwamba boma lake lilikuwa juu ya mwamba, si kilomita mbili kando? Siku hiyo ikifika, mwenye daftari la zamani lenye majina ya mahali, tarehe na watu atakuwa na kitu cha kuweka mezani. Asiye nalo atakuwa na hadithi, na hadithi za wazee zimesikilizwa Kerio kwa zaidi ya miaka arubaini, zikapigiwa makofi, zikaachwa.

Mimi ningependa kuona mambo mawili. La kwanza, mgodi wowote utakaofunguliwa tena, Kerio ama kwingine, ulazimike kutenga sampuli nzuri kabla ya mashine kuzisaga, ziwekwe shule za karibu na makumbusho kama ya Kitale, zikiwa na majina ya zamani ya mahali. Kanali mmoja wa kigeni aliweza kutuachia mkusanyiko mzima kwa wosia, kwani kaunti nzima inashindwa na kabati moja la vioo? La pili halingoji serikali. Kila nyumba ya huku ina jiwe fulani. Kuna la kunolea panga lililotoka mtoni Nzoia, kuna la kusagia mtama alilokuja nalo kukhu alipoolewa, kuna lile la kung'aa ambalo mjomba alileta kutoka kazini akasema ni almasi. Muulize mwenye jiwe leo, akiwa bado anakumbuka. Chukua kipande cha katoni ya unga, kata, andika yale mambo manne, mpe asome kama ulivyoandika ndivyo. Akikusahihisha jina la mahali, futa, andika upya vile anavyolitamka yeye.